Wazo Lililogeuka Kuwa Ukweli: Tunapima Nini Tunapopima Fikra za Mwenye Sonona?

Mama mdogo wangu aliketi kwenye benchi la chumba cha ushauri akiwa amejitanda khanga, mikono ameilaza mapajani, na muuguzi kijana aliyekuwa mbele yake alianza kwa adabu zote zinazostahili. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Ndipo muuguzi akafungua karatasi yenye maswali tisa na kumwomba ayajibu kwa kukumbuka majuma mawili yaliyopita. Swali la hamu ya kufanya kazi lilipita, la usingizi likapita, la chakula likapita. Walipofika swali la sita, linalouliza ni mara ngapi mtu amejiona hafai, au ameshindwa maishani, au ameiangusha familia yake, mama mdogo alimtazama yule binti kwa mshangao wa kweli, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, hilo si jambo la kunijia mara ngapi. Hilo ndivyo lilivyo."

Muuguzi alirudia swali na kumsomea majibu manne ya kuchagua: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Mama mdogo akajibu kwamba jambo hilo halimsumbui kwa sababu halifikirii; analijua. Kalamu ilisita kidogo juu ya karatasi, halafu ikaandika sifuri. Simlaumu yule binti, maana foleni nje ilikuwa ndefu na karatasi haikumpa mahali pengine pa kuandika. Jumla ya alama haikufika 10, ambayo ndiyo mpaka unaotumiwa sana, na mama mdogo akaambiwa arudi hali ikizidi. Mimi niliyemsindikiza nilijua kwamba tangu mumewe afariki alikuwa ameacha kuhudhuria vikao vya familia, kwa kuwa, kwa maneno yake mwenyewe, mtu aliyeshindwa kumuuguza mumewe akapona hana la kusema mbele za watu.

Makala hii inahusu sifuri ile. Ninaamini kwamba vipimo vingi tunavyovitumia kupima fikra hasi za watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya kupindukia, huhesabu kile kilicho rahisi kuhesabika, yaani wazo limekuja mara ngapi, na kuacha kile kinachomwumiza mgonjwa zaidi, yaani wazo limemshika kiasi gani. Ninaamini pia kwamba kosa hili huwa kubwa zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha ambamo vipimo hivyo vilizaliwa, na kwamba sababu yake imo ndani ya sarufi yetu yenyewe.

Tuanze na asili ya jambo. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, hakuanza akiwa mtafiti wa fikra. Alikuwa akichunguza ndoto za wagonjwa wa sonona kwa nia ya kuthibitisha mafundisho ya Sigmund Freud, kwamba mwenye huzuni ya kupindukia ana hasira ambayo ameigeuzia nafsi yake. Ndoto hazikumpa hasira aliyoitafuta. Zilimpa watu waliopoteza, waliokataliwa na walioshindwa, na alipowasikiliza wagonjwa hao wakiwa macho, akayasikia mambo yaleyale. Mwaka 1961 yeye na wenzake walitoa dodoso la vipengele 21, kila kimoja kikipewa alama kati ya 0 na 3, na mwaka 1963 akaandika kwa kirefu juu ya namna mwenye sonona anavyofikiri. Kutokana na kazi hiyo tulipata wazo la utatu ambalo kila mwanafunzi wa saikolojia hulikariri leo: mgonjwa anajiona hafai, anaiona dunia imemwelemea, na anaiona kesho haina kitu.

Lililo muhimu kwangu katika historia hiyo ni kwamba dodoso la Beck lilijengwa kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe. Daktari alisikiliza kwanza, akaandika walivyosema, ndipo akapanga maneno yao kuwa vipengele. Vivyo hivyo, Steven Hollon na Philip Kendall walipotengeneza dodoso lao la mawazo yanayojileta yenyewe, lililochapishwa mwaka 1980, waliwauliza kwanza mamia ya wanafunzi wa chuo kikuu wakumbuke tukio lililowasononesha na waandike mawazo yaliyowapitia, kisha wakachuja sentensi hizo hadi zikabaki 30. Kwa hiyo kila sentensi iliyomo iliwahi kutoka katika kinywa cha mtu. Ila ilikuwa ni Kiingereza, cha Marekani, na kwa dodoso hili la pili ilikuwa ya vijana wa chuo. Sisi tulipoletewa vipimo hivyo tulipokea sentensi zilizokwisha kupikwa na tukaanza kuzifasiri. Kule kusikiliza kulikozizaa hatukukurudia kwetu ila mara chache.

Nataka nimtendee haki aliyeandika ile karatasi ya maswali tisa. Ilitolewa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, ina alama kuanzia 0 hadi 27, na haikukusudiwa kuwa kipimo cha fikra. Ni kipimo cha dalili: usingizi, chakula, uchovu, umakini na kadhalika. Maswali mawili tu, la sita na la tisa, ndiyo yanayogusa anachokifikiri mtu juu ya nafsi yake na juu ya kuishi. Lakini katika zahanati nyingi karatasi hiyo ndiyo pekee inayofika mezani, na hivyo maswali hayo mawili hubebeshwa mzigo ambao hayakuumbwa kuubeba.

Vipimo vilivyoumbwa kwa ajili ya fikra vipo, na tofauti kati yake inafaa kuangaliwa kwa makini. Dodoso la Hollon na Kendall huuliza wazo limekujia mara ngapi katika juma lililopita, kwa alama kuanzia 1 hadi 5. Lile la kukata tamaa, ambalo Beck na wenzake walilitoa mwaka 1974, lina sentensi 20 ambazo mtu huzikubali au huzikataa. Lile la misimamo yenye madhara, lililotokana na kazi ya Arlene Weissman pamoja na Beck mwaka 1978, humtaka mtu aseme anaikubali au kuikataa sentensi kwa kiasi gani, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Susan Nolen-Hoeksema naye alijishughulisha na tabia ya kulicheua wazo lilelile, kulirudia na kulirudia, kama ng'ombe acheuavyo majani aliyokwisha kuyala. Kwa ufupi kuna familia mbili: vipimo vinavyouliza mara ngapi na vipimo vinavyouliza kwa kiasi gani. Mama mdogo wangu alikuwa mtu wa familia ya pili, akaulizwa swali la familia ya kwanza.

Tena, hata vipimo vya familia ya pili vina fumbo lake. Mwaka 1988 Jeanne Miranda na Jacqueline Persons walionyesha kwamba watu waliowahi kuugua sonona hukubali sentensi zenye madhara wakati moyo wao umeshuka, na moyo ukipanda sentensi hizohizo huzikataa. Maana yake ni kwamba kipimo kikifanywa siku njema, kinaweza kuondoka mikono mitupu huku mzizi ungali ardhini. Lakini matokeo yaliyonishangaza zaidi ni ya John Teasdale na wenzake wa Uingereza, waliyoyachapisha mwaka 2001. Walikuwa wakitafuta ni kwa njia gani tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra humkinga mtu asirudiwe na ugonjwa. Walipotazama maudhui ya majibu, yaani ni sentensi zipi mgonjwa alizikubali na zipi alizikataa, hawakupata maelezo. Walipohesabu ni mara ngapi mgonjwa alichagua ncha za mwisho za kipimo, "nakubali kabisa" au "nakataa kabisa", bila kujali sentensi ilisema nini, hapo ndipo jibu lilipojitokeza. Aliyepunguza tabia ya kujibu kwa ncha ndiye aliyekuwa na kinga zaidi. Kwa maneno mengine, hata sentensi nzuri iliyokubaliwa kwa ukali usiobakiza nafasi ilikuwa ishara ya hatari. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara naona lingestahili kubandikwa katika kila chumba ambamo dodoso linafasiriwa.

Sasa tuje kwenye lugha yetu, maana hapo ndipo shida inapokolea.

Neno lenyewe la kuanzia lina mtego. Katika Kiswahili mtu akisema "nina mawazo", msikilizaji haulizi ni mawazo gani ya kifalsafa. Anaelewa mara moja kwamba mwenzake ana mzigo moyoni. Tunasema mtu amekonda kwa mawazo, mawazo yamemkosesha usingizi, mawazo yatamwua. Ndiyo maana neno la hospitalini, msongo wa mawazo, lilipokelewa bila ubishi, wakati sonona la Tanzania na unyogovu la Kenya bado yanahitaji kuelezwa kwa watu wengi. Kwa hiyo ukimwuliza mzazi mwezi Januari kama ana mawazo mengi, atakujibu ndiyo kwa sababu ya ada ya shule, na jibu lake litakuwa kweli tupu lisilohusiana na ugonjwa.

Majirani zetu wa Zimbabwe waligundua utajiri wa aina hii mapema. Katika Kishona, ambacho ni ndugu wa Kiswahili, kuna neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na Vikram Patel na wenzake walilitumia katika kutengeneza dodoso la maswali 14 kwa lugha hiyo, lililochapishwa mwaka 1997. Dodoso hilo ndilo lililotumiwa baadaye katika mradi wa benchi la urafiki ulioanzishwa na Dixon Chibanda, ambamo akina bibi waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati za Harare, na uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573. Naiheshimu kazi hiyo bila kubakiza. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaodhani kwamba tukishalipata neno la kienyeji la kufikiri kupita kiasi, kazi imekwisha. Neno hilo hutueleza wingi wa mawazo, uzito wake na jinsi yanavyozunguka. Halitufahamishi yanasema nini wala yanaaminiwa kiasi gani. Mama mdogo wangu hakuwa na mawazo mengi. Alikuwa na moja, nalo lilikuwa limetulia kimya kama nanga.

Nanga hiyo ina umbo lake katika vitenzi vyetu. Mswahili aliyefika mwisho wa uwezo wake husema "nimekata tamaa", "nimeshindwa", "nimechoka na maisha". Hicho kiambishi -me- kinaeleza jambo lililokwisha kutimia na ambalo hali yake inaendelea mpaka sasa. Mtu aliyekata tamaa yumo ndani ya hali hiyo kama vile mtu aliyelala alivyo ndani ya usingizi, na ukimwuliza amekata tamaa mara ngapi katika majuma mawili, umemwuliza swali ambalo lugha yenyewe inalikataa, kama kumwuliza mjane amefiwa mara ngapi tangu Jumatatu. Atatafuta tukio la kukuhesabia, hatalipata, naye atajibu "hapana". Hiyo ndiyo sifuri niliyoiona ikiandikwa.

Angalia pia nani anatenda katika sentensi zetu. Dodoso la Kiingereza hupenda kusema mimi ni mtu niliyeshindwa. Mswahili, mara nyingi, husema "maisha yamenishinda" au "dunia imenielemea". Mtendaji ni maisha. Msemaji amebaki silabi moja katikati ya kitenzi, anatendwa. Je, sentensi hiyo tuihesabu kuwa ni fikra hasi juu ya nafsi, au juu ya dunia? Utatu wa Beck unataka tuchague. Mimi naona msemaji amezitaja zote mbili kwa pumzi moja, na mfasiri anayeirudisha kwenye "mimi nimeshindwa" amehamisha lawama na kumtwisha mtu ambaye hakuwa amejitwisha, au hakuwa tayari kuisema kwa sauti.

Kuna mtego mwingine, mdogo kwa macho, ambao huharibu takwimu kimyakimya. Swali likiwekwa kwa ukanushi, kwa mfano "Huoni kama una thamani?", Mswahili anayejiona hana thamani atajibu "ndiyo", akimaanisha ndiyo, sioni. Anayejiona anayo atajibu "hapana, naona". Mkusanya taarifa aliyezoea mpangilio wa Kiingereza atazisoma kinyumenyume. Dodoso la kukata tamaa na lile la misimamo yana sentensi za kukanusha na za kukubali zilizochanganywa kwa makusudi, ili mtu asijibu kwa mazoea, na kila moja ya sentensi hizo inapovushwa kuja kwetu ni mlango wa kosa hili.

Siku hizi wapo wanaotaka kuacha madodoso na kupima fikra kutokana na maandishi ya watu, kwa kutumia kompyuta. Stephanie Rude na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba wanafunzi wenye sonona waliandika neno "mimi" kwa wingi zaidi katika insha zao, na mwaka 2018 Mohammed Al-Mosaiwi na Tom Johnstone wa Chuo Kikuu cha Reading walionyesha kwamba maneno yasiyobakiza, mfano wa "daima" na "kamwe", huwa mengi zaidi katika maandishi ya watu wenye sonona, na mengi zaidi tena kwa wenye fikra za kujiua. Matokeo hayo ya pili yanakubaliana vizuri na ya Teasdale. Ila atakayeileta programu hiyo katika Kiswahili aje na mwanaisimu pembeni. Neno "mimi" kwetu ni la msisitizo tu. Nafsi ya kwanza imejificha katika ni- na -ngu, na ikikanushwa humezwa kabisa: katika "sifai", silabi ile moja si- imebeba "mimi" na "siyo" kwa pamoja. Neno la "yote" nalo hubadilika kwa ngeli, likawa wote, zote, lote, kote, pote. Na "kabisa", neno ambalo mashine ingelidaka kwanza, tunalitumia kwa furaha pia: "Kabisa ndugu yangu!" ni itikio la mtu anayekubaliana na mwenzake. Mashine isiyojua hayo itatuambia kwamba taifa zima linaumwa.

Nafahamu pingamizi moja ambalo ni zito kuliko haya ya sarufi. Msomaji anaweza kuuliza: na kama wazo hasi ni kweli? Kijana aliyemaliza chuo miaka mitano iliyopita na hajapata kazi akisema kesho haina kitu, ni nani amwambie kwamba fikra yake imepinda? Swali hili lina historia. Mwaka 1979 Lauren Alloy na Lyn Abramson waliwaweka wanafunzi mbele ya kitufe na taa, wakawaomba wakadirie kubonyeza kwao kunaiamuru taa kwa kiasi gani. Wenye dalili za sonona walikadiria kwa usahihi, hata pale taa ilipowaka kwa bahati tu. Wasiokuwa na dalili hizo ndio waliojipa mamlaka wasiyokuwa nayo. Matokeo hayo yamebishaniwa tangu wakati huo, wala mimi siyachukui kuwa ni uthibitisho kwamba huzuni ni hekima. Nayachukua kuwa ni onyo kwamba kipimo kinachotoa alama kwa kila sentensi yenye giza kitamhesabu maskini kuwa mgonjwa kwa sababu tu amesema kweli juu ya mfuko wake.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kijana anayesema "sijapata kazi na sijui nitaipata lini" na yule anayesema "sitapata kazi kamwe kwa sababu mimi ni mkosi". Wa kwanza ametaja hali. Wa pili ametoa hukumu, na hukumu hiyo haina mlango wa rufaa. Umaskini wao ni mmoja, na dodoso linalouliza mara ngapi umefikiria kuhusu kukosa kazi litawapa alama moja. Linalouliza unaisadiki sentensi hii kwa kiasi gani, na lipo jambo gani ambalo lingekufanya usiisadiki, litawatenganisha. Kwa hiyo pingamizi la ukweli, badala ya kuivunja hoja yangu, linaihitaji.

Kabla sijafika kwenye linalowezekana, niseme neno juu ya swali la tisa, lile la fikra za kufa. Majibu yake hayategemei ufasiri peke yake. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa ni kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025, na kwa Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimekuwa kikilihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Sheria inataja jaribio, haitaji fikra, lakini mgonjwa anayeulizwa na mtu mwenye sare na kalamu hana sababu ya kuiamini tofauti hiyo. Mahali ambapo ukweli unaweza kumpeleka mtu polisi, au kuwafanya majirani wamtenge, "hapana kabisa" ni jibu la kujikinga, na mtafiti anayelipokea kama lilivyo anajidanganya.

Kazi njema imekwisha kuanza hapa kwetu na ni haki kuitaja. Sylvia Kaaya wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzake walipima mwaka 2002 uhalali wa orodha ya Hopkins, inayouliza dalili za sonona na wasiwasi, kwa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi jijini Dar es Salaam, wakalazimika kuutafuta mpaka wa alama hapahapa badala ya kuuazima, na mwaka 2008 wakaripoti dodoso la vipengele 19 lililotengenezwa nchini. Ninachokiomba ni hatua inayofuata kwa upande wa fikra: turudi kufanya alichofanya Beck kwa wagonjwa wake wa Philadelphia, tuketi na wagonjwa wa Tanga, Mombasa, Bukavu na Bujumbura, kwa sababu Kiswahili cha mmoja si cha mwingine, tuyaandike maneno wanayojiambia usiku, na kutoka humo tutoe sentensi. Halafu kila sentensi iulizwe kwa maswali mawili: inakuja mara ngapi, na unaisadiki kiasi gani.

Wapo watakaosema kwamba swali la kiasi ni gumu kwa mtu asiyesoma. Beck na wenzake walipowapa wagonjwa karatasi ya kuandikia mawazo yao, waliwataka wakadirie wanavyoyaamini kwa asilimia, na kweli asilimia ni lugha ya darasani. Lakini ugumu huo unatatulika. Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Judith Bass na wenzake, tiba inayoshughulikia fikra za kujilaumu, ambayo asili yake ni ya karatasi na kalamu, ilirahisishwa kwa ajili ya wanawake waliodhulumiwa kingono, wengi wao wasiojua kusoma. Ilitolewa kwa vikundi, na wanawake 157 waliopata tiba hiyo walipata nafuu kubwa zaidi kuliko 248 waliopata msaada wa kusikilizwa mmoja mmoja. Kama fikra inaweza kutibiwa bila kalamu, inaweza pia kupimwa bila kalamu.

Mama mdogo alirudi, safari hii kwa mshauri mwingine, mama wa makamo ambaye hakuwa na haraka. Alimwacha aseme sentensi yake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, nayo ilikuwa hii: "Nimemwangusha mume wangu." Kisha akatoa punje kumi za maharage kwenye kikopo, akazimimina mezani na kumwambia: "Dada, sogeza upande wako punje kwa kadiri unavyosadiki." Mama mdogo alizisogeza zote kumi kwa kiganja kimoja, bila kuzihesabu. Mshauri akaziandika, wala hakubishana naye.

Wakaonana tena, na tena. Walizungumza juu ya dawa zilizonunuliwa, juu ya usiku aliokesha, juu ya daktari aliyesema mapema kwamba ini limekwisha. Kwenye ile karatasi ya maswali tisa alama zake hazikubadilika sana katika miezi miwili ya kwanza. Usingizi ulikuwa bado mbaya na chakula bado hakipandi, na swali la sita liliendelea kupata sifuri yake. Siku moja mshauri alimimina tena punje na kusema maneno yaleyale. Mama mdogo alinyoosha kidole badala ya kiganja, akaanza kusogeza moja moja, akafika ya sita, akasimama. Alizitazama nne zilizobaki katikati ya meza kwa muda mrefu.

"Hizi," akasema, "sina hakika nazo."